Abiria Omari Anaitwa

Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania tarehe 19 Machi 2021, baadhi ya vyombo vya habari vya ng'ambo vikaanza kutangaza habari za "Rais Hassan". Hassan yupi tena? Suluhu ni baba yake, Hassan ni babu yake. Kwa hesabu hiyo, Ikulu alikabidhiwa babu. Huku nyumbani watu walisema Mama Samia, na hakuna aliyeona kwamba heshima imepungua.

Mkosaji hasa si mwandishi wa habari bali ni fomu, ile ya viza na ya tikiti, inayoamini kwamba kila binadamu ana jina la ukoo na kwamba jina hilo hukaa mwisho. Tuseme Ali Salum Omari anasafiri na mkewe, Zuhura Bakari Hamisi, na mtoto wao, Juma Ali Salum. Fomu inaona Bwana Omari, Bi Hamisi na kijana Salum, watu watatu wasiohusiana, na afisa wa mpakani anaanza kuuliza mtoto huyu wamemtoa wapi. Jibu analo mkononi: Ali yumo katikati ya jina la mtoto, na Salum yumo kwa wote wawili. Nasaba nzima imeandikwa pale, ila fomu imemfundisha kusoma neno la mwisho tu. Kisha kipaza sauti kinamwita abiria Omari, mzee aliyefariki zamani na ambaye hakuwahi kupanda ndege, huku Ali ameketi ametulia, anamhurumia huyo Omari anayechelewa.

Wapo watakaosema kwamba bila jina la ukoo nchi haiendi. Iceland inakwenda. Kule wengi hubeba jina la baba, kitabu chao cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza, na Vigdís Finnbogadóttir, binti wa Finnbogi, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 1980, aliitwa Vigdís tu. Wengine watauliza: mbona Wachaga wana akina Massawe, Mombasa wapo Wamazrui, na Rais Hussein wa Zanzibar amebaki na Mwinyi la baba yake? Kweli, na anayelipenda alitumie. Lakini jina la ukoo nalo halimtambulishi mtu kama linavyosifiwa; simama stendi ya Moshi mwezi Desemba, ita "Mushi!", uone shingo zitakazogeuka. Eti kompyuta haikubali? Kompyuta haina ubishi, mbishi ni aliyeipanga. Basi ninyi mnaotengeneza fomu, ulizeni jina la mtu, la baba na la babu, kila moja mahali pake, kisha ongezeni mstari mmoja: "Tukuite nani?" Akishajibu, mwiteni hivyo hivyo.