Msuli Tembo, Chepe Mkononi

Mangi, nipe soda, ile iliyolala chini kabisa kwenye friji. Andika kwenye daftari. Najua daftari limejaa, andika pembeni. Ona viganja hivi. Malengelenge manne, mawili yameshapasuka. Halafu mtu anapita hapa na baiskeli ananipigia kelele, "Msomi, chuo lini?" Msomi! Nina udongo mpaka ndani ya masikio.

Sogea kwenye benchi nikusimulie mwenyewe, maana usiposikia kwangu utasikia kwa yule dada wa mlango wa pili, na yeye akisimulia haachi kitu.

Mimi nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. HGL. Historia, Jiografia, Kiingereza. Usiniulize kwa nini HGL, nilipangiwa, nikaenda. Shule ya serikali, bweni, huko Nyanda za Juu Kusini. Jina silitaji, kuna deni langu la ndoo kule. Baridi ya kule, ndugu yangu, we acha tu. Mtoto wa Mbagala nimeshuka kwenye basi na shuka moja na kandambili. Ukipumua moshi unatoka mdomoni. Siku ya kwanza nilidhani naumwa.

Sasa kule kusoma hakuitwi kusoma. Kunaitwa kupiga msuli. Na kulikuwa na kaka mmoja wa PCM, kipanga haswa, usiku anajisomea miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya baridi. Ili asisinzie. Matokeo yake ya moku yakabandikwa ubaoni, A kila mahali. Nikasema basi, siri ndiyo hii. Si akili. Ni beseni.

Nikaazima beseni. Saa nane usiku, maji ya bomba la nje, nikatumbukiza. Dakika tano za kwanza uko macho kwelikweli, kwa sababu unalia. Baada ya hapo miguu inakufa ganzi. Unakuwa huna miguu. Na mtu asiye na miguu, nimegundua, anasinzia vizuri sana. Nikaja kuamshwa na tochi ya patroni usoni. Nikaruka nikimbie, mguu mmoja umenasa kwenye beseni, nikakokota beseni lile darasa zima, maji yakamwagika juu ya notsi za watu. Adhabu: shimo la taka, futi sita, nyuma ya jiko. Nikalichimba siku tatu. Patroni akaja akalitazama, akasema, "Mashimo unayaweza." Ndiyo sifa pekee niliyopata kwenye shule ile kwa miaka miwili.

Nikaachana na beseni, nikahamia kwenye ratiba. Ratiba yangu, bwana, ungeiona ungelia. Kadibodi nyeupe, rula, kalamu za rangi nne. Jiografia kijani, Historia nyekundu, Kiingereza bluu, chakula nyeusi. Kuichora kulinichukua wiki nzima, kwa hiyo wiki hiyo sikusoma. Ilivyopendeza, wenzangu wakaomba niwachoree na wao. Nikachora kumi na moja. Ikaingia pre-necta. Jamaa wa kitanda cha juu yangu aliifuata ile niliyomchorea mstari kwa mstari, akapata division one. Yangu ilikuwa bado inakauka.

Na usidhani nilikuwa mpweke. Nilikuwa mwenyekiti wa diskasheni. Watu sita, kimbweta kimoja, kila jioni. Kazi ya mwenyekiti ni kusema "tuendelee". Nilikuwa nasema kwa sauti nzito kabisa. Kumbe wenzangu wao walikuwa wanaendelea kweli.

Mtihani wa Necta ukaja mwezi wa tano. Mimi Historia nilikuwa na silaha moja tu. Insha ya Vita vya Majimaji, nimeibeba kichwani tangu kidato cha tatu, hoja saba, utangulizi na hitimisho, mpaka mkato naujua ulipo. Nafungua karatasi, wanauliza Mapinduzi ya Ufaransa. Nikatazama dari. Dari haikusema kitu. Nikaandika Majimaji vilevile, nikabadilisha majina. Palipoandikwa 1905 nikaweka 1789. Wajerumani wakawa mfalme. Kodi ikabaki kodi, maana kodi ni kodi popote. Kinjikitile kidogo nimsahau, nikamkuta yuko katikati ya Paris anagawa maji, nikamfuta harakaharaka. Hiyo Historia ndiyo nimepata C. Nyingine zote nilizozisoma kwa kuelewa, E.

Matokeo yakatoka mwezi wa saba, na hapa ndipo mama yangu alipotumaliza.

Ujue Necta hesabu zao zimegeuka. A ni pointi moja, B mbili, unashuka hivyo mpaka F ambayo ni saba. Wanajumlisha masomo matatu ya tahasusi. Kwa hiyo pointi chache ndiyo ukali. Mimi C ya Historia tatu, E ya Jiografia tano, E ya Kiingereza tano. Kumi na tatu. Division three, ile ya mlangoni kabisa, ningepunguza moja tu ningekuwa division two. Yule dada wa mlango wa pili yeye alikuwa na A tatu. Pointi tatu.

Mama akasikia namba, hakusikia maelezo. Akajifunga khanga, akaenda kwa jirani kumpa pole. Nakwambia alimpa pole! "Msimgombeze mtoto, tatu siyo mbaya, atarudia. Wangu kapata kumi na tatu lakini huyu alikuwa halali usiku." Mama wa watu akamkaribisha, akampa chai na maandazi, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakumsahihisha. Aliyemsahihisha ni mtoto wao wa darasa la tano. Mama karudi nyumbani kaacha kuongea na mimi, na maandazi mawili aliyofungiwa aniletee kayala mwenyewe.

Haya. Sasa kuomba chuo. Huko nako TCU wameigeuza tena meza. Kwao A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Pointi nyingi ndiyo ukali. Ukitaka digrii, masomo mawili yakupe angalau nne. Nikakaa na karatasi. C tatu, E moja. Nne! Nne kamili, kama miguu ya kitanda. Nikaruka. Mzee akauliza kuna nini. Nikamwambia nimefuzu kwa kiwango kile hasa kinachotakiwa, hakijazidi hata kidogo. Akasema, "Vizuri, usipoteze mali."

Binamu yangu mkubwa, enzi zake, TCU walikuwa na mfumo mmoja, unaingia humo vyuo vyote vimo. Tangu 2017 hakuna, unaomba chuo kwa chuo, kila chuo na mfumo wake, kila mfumo na ada yake. Mimi mifumo siiwezi. Nikaenda steshenari pale kituoni, kwa yule dogo mwenye kompyuta mbili, moja mbovu. Akaniambia, "Braza, imeili yako?" Sina. Akanifungulia. "Paswedi?" Nikamwambia weka yoyote. Akaweka yake. "Namba ya simu?" Yangu ilikuwa kwa fundi, akaweka yake. Kwa hiyo ukitazama vizuri aliyeomba chuo ni dogo wa steshenari, mimi nilichangia vyeti.

Ikaja kontroli namba ya ada ya maombi. Dogo anahudumia watu watatu kwa mpigo, karatasi zimetapakaa. Nikachukua moja, nikaenda kwa wakala, nikalipa elfu kumi yangu. Narudi, dogo anaangalia, anaangalia tena. Nimemlipia mtu mwingine. Kaka mmoja wa Rangi Tatu simjui hanijui. Kutafutwa, amezima simu. Nikakopa elfu kumi nyingine kwa mama mdogo. Yule kaka, nasikia, alichaguliwa awamu ya kwanza.

Awamu ya kwanza mimi niliomba Sheria. Pointi nne, Sheria. Hata dogo alinitazama. Nikamwambia bonyeza. Nikaweka na Uandishi wa Habari, na Utalii, na kile kingine cha mahusiano ya kimataifa kwa sababu kina neno kimataifa. Majibu yakatoka, vijana wote hapa kibarazani kwako, Mangi, unakumbuka, wanalalamika wamechaguliwa vyuo viwiliviwili, vitatu, wanasubiri meseji yenye kodi ya kuthibitisha. Na mimi nikakaa nasubiri kodi. Siku nne. Naenda kwa dogo asubuhi na jioni, "Kodi yangu haijaingia?" Mpaka akaja mmoja akaniambia kodi ni ya waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja. Na mimi sikuwa na hata hicho kimoja.

Dirisha la pili likafunguliwa. Dogo akasema, "Braza, safari hii niachie mimi." Nikamwachia. Akajaza nne, ikabaki nafasi moja, akashusha mshale chini kwenye orodha, akaona kimoja hakina foleni. Akanisomea, "Archaeology. Niweke?" Mimi nikasikia, nikafikiri, nikakumbuka kuwa ni wale wanaochora majumba. Akitekti, akiolojia, hawa si ndugu hawa? Nikasema weka, weka haraka kabla hawajafunga. E ya Kiingereza hiyo, Mangi, inafanya kazi.

Ikajibu hiyohiyo. Nimechaguliwa! Akiolojia, digrii, miaka mitatu. Dogo kaniita toka kwenye mlango wa steshenari, mtaa wote umesikia. Mama akarudisha mawasiliano. Mzee sasa ndiyo usiseme. Mzee wangu unamjua, anachimba mashimo ya choo na makaro, tangu Mbagala mpaka Chamazi huko wanakojenga wageni. Kila tajiri anayempa kazi, mzee yuko ndani ya shimo anapiga kelele kwenda juu, "Bosi, ukitaka ghorofa nambie, kijana wangu anasomea kuchora ramani!" Matajiri wawili wakaja nyumbani kuniona. Mmoja kanipa elfu tano ya soda. Nimemchorea. Vyumba vitatu na sebule, kalamu za rangi nne.

Halafu tukaenda kwenye fomu za Bodi ya Mikopo. Elfu thelathini ya kuomba, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, wakili agonge muhuri. Cheti changu cha kuzaliwa jina lina "a" mbili, cha kidato cha nne lina moja. Herufi moja hiyo imenipeleka kuapa mbele ya wakili kwamba mimi ni mimi. Akaniuliza, "Una uhakika?" Nilichelewa kujibu.

Fomu nikampelekea yule dada wa mlango wa pili anisaidie kukagua, yeye anakwenda udaktari, vyuo vilimgombania. Akasoma, akanyamaza, akasema taratibu kama anavyoongea na mgonjwa, "Kaka, hii akiolojia siyo ya kuchora." Ya nini sasa? "Ya kuchimba. Mabaki ya kale. Si mada ya kwanza kabisa ya Historia kidato cha kwanza, vyanzo vya historia?" Mada ya kwanza. Kidato cha kwanza. Miaka sita imepita juu yake.

Mzee nilimwambia usiku, taa imezimika, ili nisimwone uso. Akakaa. Akakaa tena. "Kuchimba?" Ndiyo baba. "Mimi nimechimba miaka ishirini na mbili ili wewe usichimbe." Nikajaribu kumweleza heshima ya kazi yenyewe. Nikamwambia Olduvai, kule juu karibu na Ngorongoro, 1959, mama mmoja anaitwa Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, la miaka zaidi ya milioni moja na nusu, dunia nzima ikashtuka. Mume wake siku hiyo alikuwa anaumwa, amebaki kambini. Mzee akasema, "Mume anaumwa, mke kaenda saiti." Ndiyo. "Alichimba futi ngapi?" Nikamwambia hapo mwanzo hakuchimba, lilikuwa limechomoza juu ya ardhi. "Kumbe hata hakuchimba." Baadaye walichimba, baba, kwa vijiko vidogo na brashi. "Brashi!" Nikasikia anacheka gizani peke yake. Halafu akaacha kucheka, akauliza lile lililokuwa linamuuma. "Kwa futi wanalipa ngapi?"

Mkopo haujajibu. Ada inasubiri. Kwa hiyo jana mzee kaniamsha saa kumi na moja alfajiri, kanipa chepe na sururu, tukapanda daladala mpaka Chamazi. Tajiri mwenye saiti ni nani? Yuleyule wa elfu tano ya soda. Amesimama juu ya shimo mikono kiunoni, ameishika ramani yangu, anamuuliza mzee kama ndiye huyu. Mzee akasema, "Ndiye. Yuko fildi."

Leo nimefika futi saba. Chini kule hewa nzito, jasho linaingia machoni, mzee yuko juu anavuta ndoo na kunipigia kelele, "Msomi! Fuvu bado?" Saa sita chepe likagonga kitu. Nikainama. Nikafuta kwa kidole, polepole, kama vile wanavyofanya na brashi. Kandambili. Ya mguu wa kushoto, kamba imekatika. Nikaiweka kwenye ndoo ikapanda. Kimya juu kule. Kisha kichwa cha mzee kikachungulia.

"Ya mwaka gani hii?"

Nikafikiri, Mangi. Nikafikiri kwelikweli. Nikamwambia aishushe tena niiangalie vizuri.