Jua Lishtakiwe: Mhadhara wa Nguli

Itifaki imezingatiwa. Na kama haikuzingatiwa, izingatiwe sasa hivi, kwa sababu aliyesimama mbele yenu ni Nguli wa Hali ya Hewa, Mbobezi wa Anga za Chini na za Juu, Mtafiti Mkuu wa taasisi yangu binafsi, ambayo kwa sasa ina mtafiti mmoja. Shahada nilijitunuku mwenyewe, baada ya kujisaili kwa ukali mno.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama: nani kaleta mabadiliko ya tabianchi? Jibu limeandikwa kwenye bango pale nje. Ni jua. Binadamu hana hatia. Nasema haya bila upendeleo wowote, ingawa ninamiliki malori na tanuri za matofali.

Jua lina mzunguko wa miaka 11, mng'ao wake hupanda na kushuka. Kwa kiasi gani? Kama sehemu moja ya elfu. Msicheke! Sehemu moja ya elfu ya jua ni jua jingi. Ni kweli kwamba setilaiti zimekuwa zikilipima tangu 1978 na hazijaona mng'ao huo ukiongezeka, ilhali dunia imezidi kupata joto miaka hiyohiyo. Sasa hapo ndipo muone ujanja wake. Mhalifu mzoefu hafanyi kosa mbele ya askari.

Kuna binti wa kidato cha tatu pale nyuma kanipitishia kikaratasi. Anauliza: kama ni jua, si anga lote lingepata joto, juu na chini? Mbona vipimo vinaonesha hewa ya huku chini inapata joto, na stratosfia, lile tabaka la juu yake, linapoa? Mwanangu, swali lako ni zuri sana, na kwa sababu hiyo nalikataa.

Nisonge mbele kwa Milutin Milanković, Mserbia, mtu wa hadhi inayokaribia yangu. Huyu alikokotoa namna mzingo wa dunia unavyobadilika umbo kwa vipindi vya miaka kama 100,000, na mhimili wake unavyobadili mwinamo kwa miaka kama 41,000. Hayo ndiyo yaliyoongoza kuja na kuondoka kwa zama za barafu. Ushahidi mtamu huo! Kasoro yake ni mwendo. Unakwenda kwa makumi ya maelfu ya miaka, na joto letu limepanda zaidi ya nyuzi moja tangu Ulaya ianze kujenga viwanda vya makaa ya mawe, muda usiofika hata miaka 300. Tena kwa hesabu za mzingo tungetakiwa sasa tuwe tunapoa polepole. Nimeiandikia dunia barua ijieleze. Haijajibu.

Basi nikaita volkeno zije zinitetee. Pinatubo ya Ufilipino ililipuka Juni 1991, ikarusha salfa hadi stratosfia. Na dunia ikafanyaje? Ikapoa, kama nusu nyuzi, mwaka uliofuata! Nikaita Tambora ya Indonesia, iliyolipuka 1815. Nayo ikashuhudia kwamba mwaka 1816 kiangazi kiliadimika Ulaya na kaskazini mashariki mwa Marekani, mazao yakaharibika kwa baridi. Mashahidi niliowalipia nauli, wazee wangu, wakanigeuka kizimbani.

Nikakimbilia nyumbani. Ol Doinyo Lengai, kule kaskazini karibu na Ziwa Natron, ndiyo volkeno hai pekee duniani inayotema lava ya kabonati, nyeusi, inayotiririka kwa wepesi, kisha ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Kaboni ndani ya lava yenyewe! Nililala nikitabasamu. Asubuhi nikasoma kwamba hewa ukaa ya volkeno zote za dunia, za nchi kavu na za baharini, haifiki hata sehemu moja ya mia ya ile inayotoka kwenye shughuli za binadamu kila mwaka. Nikaufunga ukurasa ule kwa nguvu.

Na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, je? Barafu yake imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na wataalamu wenyewe wanakiri kwamba ukavu wa hewa ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 una mkono mkubwa pale. Nilipiga kigelegele. Kisha wakaongeza, kwa utovu wa adabu, kwamba mlima mmoja si dunia, na kwamba barafu inapungua pia Alps, Andes na Himalaya.

Sasa upande wa mashtaka, niupitie haraka kwa sababu unanikera. Mwaka 1856 Eunice Foote, Mmarekani, aliweka mitungi ya kioo juani; wenye hewa ukaa ukapata joto kuliko yote. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu ya joto litakaloletwa na hewa hiyo ikiongezeka, na baadaye akaona ni jambo jema, maana kwao baridi. Mwaka 1958 Charles Keeling akaanza kuipima juu ya Mauna Loa, Hawaii, akakuta kama sehemu 315 kwa milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Leo imepita 420.

Wanadai hata alama za vidole wanazo! Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, kaboni 14 yake, ile inayooza kadiri miaka inavyopita, imekwisha kabisa. Na moshi wake umepunguza sehemu ya kaboni 14 katika kaboni ya hewa tunayovuta. Nauliza: nani aliruhusu hewa ichukuliwe alama za vidole bila wakili wake kuwepo?

Wapo pia wanaowasingizia ng'ombe. Methani ya ng'ombe, nayo gesi inayonasa joto, hutoka zaidi mdomoni, kwa kubeua, si kule mnakokuwaza nyinyi vijana.

Halafu nitazameni mimi. Afrika nzima haitoi hata asilimia 5 ya hewa ukaa ya viwanda na mafuta duniani. Malori yangu yamo humo ndani. Nawashukuru sana Marekani na China kwa kunifichia.

Naazimia kwamba jua liandikiwe onyo kali, nakala kwa mwezi. Posho yangu, pamoja na dizeli ya jenereta hili linaloendesha kipaza sauti na feni yangu, ilipwe kabla ya chakula. Maswali yaletwe kwa maandishi ofisini kwangu, ambako napatikana kila siku isipokuwa siku za joto.