Herufi Iliyopandishwa Cheo

Seli ya Excel hugeuzwa kitufe kwa hila nyepesi: huwekewa fonti ya Marlett, ambamo herufi «a» huonekana kama tiki, kisha makro, yaani programu ndogo ndani ya faili, huiandika au kuifuta kila seli inapobofywa mara mbili. Katika ofisi za Sydney, kama kwingineko, kitu hicho huitwa «mfumo», na fundi wake akiacha kazi hakuna anayethubutu kuugusa. Serikali ya Australia haina imani na makro: kudhibiti makro za Microsoft Office ni mojawapo ya kinga nane za Essential Eight, mwongozo wake wa usalama wa mtandao. Makro ikizuiwa, tiki hubaki pambo. Mwaka 2024 Microsoft ilileta visanduku vya tiki ndani ya seli, visivyohitaji makro hata moja.