Pembea za Mwezi Muandamo

Shemeji yangu anakaa London. Kila akirudi kutoka Disneyland ya Paris na watoto wake hunipigia simu kulalamika: tiketi ghali, foleni ndefu, watoto wamelia kuanzia getini. Pole yake. Lakini yeye safari yake ina tarehe. Kakata tiketi miezi kabla, kaangalia hali ya hewa kwenye simu, kapanga mpaka watakula nini mchana. Sisi wa Pemba tupange nini? Pembea zetu zinangoja mwezi uandame, na mwezi ukijificha nyuma ya wingu, nyumba nzima inalala na nguo zilizopigwa pasi bila kujua kesho ni futari au pilau.

Na ukishaandama si kwamba yamekwisha. Kisiwa hichi kina watu wa mwezi wa hapa, wanaongoja tangazo la Mufti, na watu wa mwezi wa kimataifa, ambao wakisikia umeonekana Saudia wanafungua. Hoja za kielimu zina masheikh wake, mie simo. Mie nazungumzia watoto. Nyumbani kwangu tunamngoja Mufti, jirani yangu hangoji. Basi ikitokea tumepishana, wanangu wanakula Idi ya jirani leo, wanapokea na mkono wa Idi, kisha kesho wanaanza upya kwangu na mikono imenyooshwa. Sie tuliofunga mwezi mzima tuna sikukuu moja, wao waliokuwa wakila mihogo mchana jikoni wana mbili.

Sikukuu mosi haina taabu: sala, pilau, kuzunguka kwa wazee. Balaa ni sikukuu pili, baada ya alasiri. Chake Chake tuna kiwanja cha kufurahishia watoto, pale Tibirinzi, na kiwanja chenyewe sina ugomvi nacho. Nina ugomvi na wanaokwenda, yaani sisi sote. Mwaka mzima hatuna habari na pembea, utadhani zimeharamishwa. Ikifika sikukuu pili, watu wa Konde, Micheweni, Wete, Mkoani na Kengeja wanapata wazo lile lile, saa ile ile, na kila mmoja anadhani amelipata peke yake.

Kutoka kwetu Wete mpaka Chake ni kama kilomita 30. Nimempakata mmoja, mama yake kampakata mwengine, mkubwa kabanwa baina ya mfuko wa nazi na bibi asiyetaka kanzu yake ikunjwe. "Baba, tumefika?" Hatujatoka hata stendi.

Halafu mvua. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi inarudi nyuma kila mwaka, na miaka hii imerudi ikaanguka kwenye masika. Mwaka 2024 Idi el-Fitri ilikuwa tarehe 10 Aprili, mwezi ambao Pemba hata bata hutafuta pa kujikinga. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimeshaipiga: tukitaka Idi ya katikati ya kaskazi, vumbi kavu na viatu vikavu, tungoje 2031, itakapoangukia mwishoni mwa Januari. Nilimweleza mke wangu tuahirishe mpaka hapo. Akaniuliza kama nimekula.

Tuje kwenye pesa. Wanangu siku hiyo ni matajiri kuliko mimi. Wamepita kwa babu, kwa shangazi, kwa watu wasiojulikana. Lakini pesa zao ziko kwenye mkoba wa mama yao, na ni amana. Zangu ni mali ya umma. Nao wauza malai, wauza ubuyu, wauza baluni na miwani ya plastiki wanajua pa kusimama: palepale foleni isipokwenda mbele wala nyuma. Ubuyu mwekundu na kanzu nyeupe vilikutana kabla hatujafika kwenye pembea ya kwanza.

Mdogo alikuwa na pembea kichwani tangu kumi la mwanzo la Ramadhani. Akiamka daku, pembea. Akisinzia, pembea. Tiketi imekatwa, zamu imefika, anashika mguu wangu: "Naiangalia tu." Ikabidi nipande naye. Gari lenyewe limetengenezwa kwa mtu wa miaka mitano, magoti yangu yakawa jirani na masikio, kofia mkononi. Na chini pale wamejipanga wanafunzi wangu wa Darasa la Saba, nidhamu tupu.

"Shikamoo, Maalim!"

"Marahaba."

Pembea ikazunguka, tukarudi palepale.

"Shikamoo, Maalim!"

Kila mzunguko. Siku nyengine hao hao nikiingia darasani huwatoa salamu kwa fimbo ya sauti. Nilipoteremka, mdogo akalia kwa sababu tumeteremka, na wa kati alikuwa ameng'ang'ania farasi wake, hataki kushuka, foleni nzima inanitazama kama ni mie nimemfunga kamba.

Inasimuliwa kwamba Walt Disney aliwaza kujenga Disneyland alipokuwa amekaa kwenye benchi katika bustani ya Griffith, Los Angeles, akiwatazama binti zake kwenye pembea ya farasi. Akaona wazazi wanakaa tu, hawana la kufanya; iko haja ya mahali ambapo mkubwa na mdogo watafurahi pamoja. Mwaka 1955 akafungua kiwanja chake Anaheim, California, na tangu hapo wazazi wa dunia nzima hawakai. Mtu ana benchi. Ana kimya cha kutosha kuwaza. Watoto wamo kwenye pembea na hakuna anayemvuta kanzu. Halafu anasema pana kitu kimepungua!

Mimi sitaki kufurahi pamoja na mtu. Nataka kukaa. Lakini nikifika, kila pa kukalia pameshakaliwa na mashangazi tangu adhuhuri, wamevua viatu, wamefungua vibakuli vya tambi na kaimati, na mkoba umewekwa pembeni uwe na nafasi yake. Nikisimama karibu wananitolea kaimati moja, wananiambia kula mwanangu, umekonda. Hakuna anayesogea.

Idi ya kuchinja ni tarehe 10 Mfunguo Tatu, yaani siku 68 hivi baada ya hii, na ahadi ya kurudi kwenye pembea imeshatolewa kwa niaba yangu. Mashangazi wa Chake, nakuombeni kwa heshima zote: siku hiyo pakateni mikoba.