Shangazi na Mashine ya Vyombo

Safu hii ilianzishwa kwa ajili ya ndoa na wakwe. Tangu watu waanze kununua mashine za kuoshea vyombo, barua za wivu zimepungua na za sahani zimezidi. Nazijibu zote, maana kilio ni kilekile: nimempa kila kitu, naye hanijali.

*Shangazi, mashine yangu inanguruma saa mbili na nusu, kisha sahani zinatoka na punje za pilau zimekauka kuliko zilivyoingia. Fundi anataka kubadilisha pampu. Nimpe hela? Mama Pilau, Mbezi Beach.*

Mama Pilau, funga pochi kwanza. Niambie, sinia uliliweka wapi? Kama limesimama mbele likiegemea mlango, basi limeziba kijumba cha sabuni na kifuniko chake hakikufunguka. Sabuni utaikuta humohumo, imeganda kama udongo wa kichuguu. Hukuosha vyombo, uliviogesha. Na kama limelala chini, limeukaba ule mkono unaorusha maji. Kabla ya kuwasha, sukuma mikono yote kwa kidole izunguke. Ukigota kwenye mpini wa upawa, mchawi wako ndiye huyo.

Halafu chomoa chujio la chini. Ndiyo, lipo, na limekuwepo tangu ulipoinunua. Lisugue kwa mswaki wa zamani, uzibue na vitundu vya ile mikono kwa kijiti. Mbegu moja ya limau inatosha kuharibu karamu nzima.

Ukiona bado, tazama paa. Mashine nyingi zinataka maji yenye msukumo usiopungua baa 0.5. Tanki lililo mita 10 juu ya mashine hutoa takriban baa 1. Lililo mita 3 juu yake hutoa kama baa 0.3, yaani mashine imeitwa harusini ikapewa kikombe cha maji. Husubiri, husubiri, kisha huwasha taa ya hitilafu. Nyingine hujitahidi na kidogo zilichopata, nawe ukaona punje. Huenda pampu inatakiwa kweli, ila ni ya kusukuma maji ya nyumba, wala si hiyo anayoitaka fundi.

Umeuliza pia, pembeni kwa kalamu nyekundu, habari ya glasi kuwa na ukungu mweupe. Hiyo ni chokaa ya maji magumu. Mashine nyingi zina chembechembe za kuichuja, na chumvi ndiyo inayozipa nguvu upya, lakini ni chumvi ya mashine: ya punje kubwa, isiyotiwa madini joto. Ile ya mezani iache mezani. Na kama kisima chako kimeingiwa na maji ya bahari, kama vilivyo vingi huku pwani, chembechembe hizo hazitakusaidia kitu. Utamu wa maji hazina uwezo wa kuurudisha.

*Shangazi, jioni mashine yangu haipashi maji moto na haimalizi kazi. Asubuhi ni malaika. Je, imerogwa? Baba wa Tegeta.*

Haikurogwa, ina njaa. Umeme ukishuka, hita hupoteza nguvu kwa kasi kuliko umeme wenyewe unavyoshuka. Hita ya wati 2,000 iliyotengenezewa volti 230, ukiilisha volti 180, inabaki na wati kama 1,225. Nayo mashine imeamriwa isiendelee mpaka maji yafike joto lake, basi inakaa palepale inayapasha kwa unyonge huku mtaa mzima unapika na kupiga pasi. Iwashe usiku wa manane uone. Ikifanya vizuri, tafuta stabilaiza inayoubeba mzigo huo, si ile ndogo ya televisheni.

Kama hata usiku huo maji ni baridi, ichomoe kwenye umeme, kisha fundi aipime hita kwa mita, na kihisi joto pia. Usikubali kifaa kibadilishwe kwa kutazamwa tu kwa macho. Tena angalia usije ukawa umechagua programu ya Eco. Ile huosha kwa joto la chini na huchukua hata zaidi ya saa tatu kwa makusudi, ili ikuokolee uniti.

*Shangazi, vyombo vya plastiki vinatoka vimelowa chapachapa, na mama mkwe amekuja kutoka Tanga. Niko Muscat.*

Mwanangu, plastiki haishiki joto. Kauri na glasi hutoka na moto wa suuza ya mwisho, na moto huo ndio unaozikausha; bakuli la plastiki hupoa mara moja na maji yakakaa. Jaza dawa ya kusuuzia, vikombe uviinamishe visiteke maji kwenye vitako, na ikimaliza acha mlango wazi kidogo. Kitambaa mpe mama mkwe. Atafurahi kuwa na la kusema.

*Sufuria za alumini zimekuwa nyeusi, mwiko umepasuka, na mke wangu hanisemeshi. Mume wa Ilala.*

Sabuni ya mashine ni kali kwa alumini, na mbao hazipendi maji ya moto kwa muda mrefu. Vyote viwili huoshwa kwa mkono. Kwa mkono wako.

*Shangazi, bosi kanunua mashine, lakini ananiambia nivioshe vyombo kwanza ndipo niviweke humo. Dada wa kazi, Masaki.*

Mashine hii ilipewa hati ya uvumbuzi nchini Marekani mwaka 1886, kwa jina la Josephine Cochrane, mama mwenye uwezo aliyechoshwa na watumishi waliokuwa wakibandua kingo za vyombo vyake vya kauri. Unaona dada, tangu siku ya kwanza lawama ilikuwa yenu. Wewe kwangua mabaki, ukoko uutupe, basi. Kusuuza kabla ni kupoteza maji, na vimeng'enya vya sabuni vinahitaji uchafu wa kula. Bosi akibisha, mwambie Shangazi kasema. Akikasirika, naye aniandikie, na aeleze ni nani analisafisha chujio.