Sifa za Aliyekuja kwa Niaba

Mkoa wa Mara umesifiwa sana, na kwa mambo makubwa: nyumbu wa Serengeti, dhahabu ya Tarime, samaki wa ziwa na, juu ya yote, kumzaa Baba wa Taifa. Wanaosifu wakubwa wapo tele na hawahitaji msaada wangu. Mimi naomba kibali nimsifu Makamu Mwenyekiti wa Halmashauri, pamoja na ndugu yake wa mjini, Naibu Meya wa Manispaa ya Musoma. Hawa ni viongozi ambao mwananchi akiulizwa majina yao hutazama juu kidogo, hukuna kidevu, halafu huuliza, “Wa sasa hivi au yule wa mwaka jana?”

Swali lake ni la haki kabisa. Meya na Mwenyekiti wakishachaguliwa na madiwani hukaa miaka 5. Makamu hupigiwa kura kila mwaka. Hebu tuitafakari busara hiyo. Yule anayeongoza vikao, anayesimamia Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, anayeweza kumkaripia mkuu wa idara hadharani, ameaminiwa miaka 5 mfululizo. Asiye na la kufanya ndiye anayepimwa utendaji wake kila baada ya miezi 12! Mkoa una halmashauri 9: Musoma Manispaa na Musoma Wilaya, Bunda Mji na Bunda Wilaya, Tarime Mji na Tarime Wilaya, kisha Butiama, Serengeti na Rorya. Piga hesabu. Ndani ya kipindi kimoja cha udiwani Mara inaweza kuchagua makamu mara 45, na barabara zisiongezeke wala zisipungue hata hatua moja.

Atakayeuliza kazi ya makamu ni nini atakuwa hajaisoma sheria, kwa sababu sheria inaieleza vizuri sana: ataongoza kikao Mwenyekiti asipokuwepo. Basi. Makamu bora ni yule ambaye mwenzake hana malaria, hana msiba wala safari ya Dodoma. Afya ya Mwenyekiti ndiyo likizo ya makamu. Na kwa kuwa wahenga walishasema mkubwa ni jalala, makamu ndiye kiongozi pekee katika halmashauri ambaye hakuna anayemtupia taka. Dawa zikikosekana zahanati, hatajwi. Ushuru wa mwaloni ukipotelea njiani, hatajwi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ikitoka na hati yenye mashaka, wanaoitwa kujieleza ni wengine. Nani mwingine katika utumishi wa umma anaweza kustaafu na jina safi hivyo?

Kumwona kazini, usiende kwenye ukumbi wa mikutano. Nenda kwenye uzinduzi wa matundu ya vyoo katika shule ya msingi, kata yoyote ya Butiama. Barua ya mwaliko inasema saa 3 asubuhi. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na mbele kuna makochi mawili yaliyoazimwa nyumbani kwa mtu, yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Saa 6 gari linaingia na vumbi lake. Watoto wanaimba wimbo wenye jina la Mwenyekiti, maana ndilo walilofundishwa wiki nzima, na mshereheshaji anashika kipaza sauti: mgeni rasmi amepata dharura, yuko kwenye majukumu mengine ya kitaifa, lakini hakutuacha hivihivi, ametuletea makamu wake, tumpigie makofi. Makofi yanapigwa, yale ya adabu.

Hapo ndipo sanaa inapoanza. Makamu anasimama na hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Aya ya pili inasema, “Kama nilivyowaahidi nilipofika hapa mwaka jana.” Yeye hakufika mwaka jana, wala hakuahidi kitu. Anameza mate, anasoma, “Kama Mheshimiwa Mwenyekiti alivyowaahidi alipofika hapa mwaka jana,” bila kukwama, huku macho tayari yamekimbilia mstari wa chini kuona kama kuna “mimi” nyingine inayomvizia. Ipo. Zipo nne. Anazigeuza zote papo hapo, na kitenzi kinafuata. Walimu wa Kiswahili waliokaa upande wa kulia wanatikisa vichwa kwa heshima, kwa kuwa wanajua wanafunzi wao wa darasa la saba wangeanguka kwenye ile ya pili.

Kisha mwalimu mkuu anasoma risala: madawati hayatoshi, nyumba ya mwalimu imeishia kwenye linta, maji ni ya kuchota bondeni. Mwenyekiti angekuwepo angelazimika kuahidi, na ahadi zina tabia ya kukumbukwa. Makamu hujibu, “Nimeyapokea, nitayafikisha.” Huo ni ukweli mtupu. Atayafikisha, jioni hiyohiyo, kwa simu. Hajawahi kuvunja ahadi kwa sababu hajawahi kutoa yoyote, na watu wanamrudisha kwa heshima zote, na jogoo mkononi. (Jogoo huyo, niongeze, hafikishwi.)

Historia nayo inamtetea. Mwaka 1972 Serikali ilipoleta madaraka mikoani, halmashauri zilifutwa, na makamu wote wakafutika nazo. Zile za miji zilirudi mwaka 1978. Za wilaya zilisubiri sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Katika miaka hiyo wananchi walilalamika juu ya mengi: barabara za vijijini kufa, zahanati kukauka, mambo yote kuamuliwa na maofisa wasiochaguliwa. Kwamba wamemkosa makamu, hilo halikuingia katika orodha. Wenye husuda watasema ni ushahidi dhidi yake. Mimi naliona ni kipaji. Kuondoka miaka 12 bila kumwachia mtu pengo wala machozi si jambo ambalo kila kiongozi analiweza. Wengine wakiondoka wiki moja tu lazima mtu akaimu.

Na hapa tumfikie Mkuu wa Mkoa pale Musoma, ambaye hana naibu. Ana Katibu Tawala, ana sekretarieti iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997, ana wakuu wa wilaya, lakini naibu hana. Sababu ni kwamba yeye mwenyewe ni mwakilishi: anateuliwa na Rais na yuko mkoani kwa niaba yake. Kumpa mwakilishi mwakilishi wake kungetuingiza katika mambo ya kifalsafa ambayo bajeti haijayatengea fungu. Akisafiri, kazi anaachiwa mmoja wa wakuu wa wilaya, na siku hizo magazeti huandika “Kaimu Mkuu wa Mkoa, ambaye pia ni Mkuu wa Wilaya ya” fulani, cheo kirefu kuliko habari yenyewe. Watu wa Bunda na Butiama wamezoea kuona mkuu wao wa wilaya akipanda kwa siku tatu kisha akashuka bila hata kubadilisha gari.

Jirani zetu wameenda njia nyingine. Toka Musoma, pita Tarime, vuka Sirari uingie Isebania, na papo hapo uko kwenye nchi yenye magavana 47 na manaibu gavana 47, kwa hisani ya Katiba ya mwaka 2010. Wakenya wana mazoea ya kumwita naibu gavana tairi la spea, na wanadhani wamemtukana. Spea huandaliwa kwa safari nzima. Kosa ni la dereva asiyeipima upepo mpaka siku ya pancha. Waulizeni watu wa Nyeri. Mwaka 2017 pekee walifiwa na gavana mara mbili, Nderitu Gachagua mwezi Februari na Wahome Gakuru mwezi Novemba, na mara zote mbili naibu aliapishwa na kaunti ikaendelea. Nairobi walijaribu kuishi bila spea: Polycarp Igathe alijiuzulu Januari 2018, Mike Sonko akakaa karibu miaka mitatu bila naibu, na Seneti ilipomwondoa yeye mwenyewe Desemba 2020, jiji zima likabaki linamwangalia Spika wa Bunge la Kaunti. Kisii, kwa upande wao, waliona spea inatembea yenyewe. Seneti ikamng’oa naibu gavana Robert Monda Machi 2024. Kwetu Mara mambo hayafiki huko. Makamu akichosha, subiri tu mwaka uishe.

Lakini heshima kubwa ya cheo hiki inatoka nyumbani, na ndiyo inayonifanya niandike kutoka huku. Butiama ilitoa Rais. Bunda, wilaya ya jirani, imekuwa ikitoa makamu. Joseph Warioba, mtu wa Ikizu, alikuwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais kuanzia mwaka 1985 hadi 1990, chini ya Mzee Mwinyi. Alivaa kofia mbili, na nina hakika ile ya uwaziri mkuu ndiyo iliyomtoa jasho. Stephen Wasira naye, akikaribia miaka 80, alichaguliwa Januari 2025 kule Dodoma kuwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Tanzania Bara. Wawili hawa waliwahi kukutana uso kwa uso katika uchaguzi wa mwaka 1995, jimbo la Bunda, Wasira akiwa NCCR-Mageuzi na Warioba akiwa CCM. Wasira akashinda, kesi ikaenda mahakamani, matokeo yakabatilishwa. Majimbo mengine yanagombewa na wanaotaka kuwa wa kwanza. Bunda ilipata bahati ya kugombewa na makamu mstaafu na makamu mtarajiwa kwa wakati mmoja.

Hata Butiama yenyewe ina deni kwa makamu. Tarehe 22 Januari 1962, majuma sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na kiti akakaa Rashidi Kawawa. Fikirini kishawishi hicho: nchi mpya, kiti cha moto, mwenyewe yuko mikoani anazungumza na wanachama. Desemba mwaka huohuo Tanganyika ikawa Jamhuri, Mwalimu akarudi akiwa Rais, Kawawa akawa Makamu wake. Mwaka 1964 Muungano ukaja na Mzee Karume akawa Makamu wa Kwanza. Kawawa akasogea akawa wa Pili, akaendelea na kazi mpaka alipopewa tena uwaziri mkuu mwaka 1972. Watu wa Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu pale Butiama, wanapowaonyesha wageni kaburi lake na makumbusho, nashauri watenge dakika chache kwa mtu aliyekikalia kiti na kukirudisha. Barani Afrika, miaka ile, hicho ndicho kilichokuwa kipaji adimu kuliko vyote.

Baadaye tulianza kuupenda umakamu kupita kiasi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1994 yalileta mgombea mwenza, kwa hofu iliyoeleweka vizuri: Rais wa Zanzibar alikuwa makamu kwa cheo chake, na vyama vikishakuwa vingi huwezi kujua atatoka chama gani. Zanzibar nayo ikajipatia makamu wawili mwaka 2010. Na baada ya uchaguzi wa marudio wa 2016 kiti cha Makamu wa Kwanza kilikaa kitupu hadi 2020, karafuu zikaendelea kuanikwa. Tume ya Warioba ya Mabadiliko ya Katiba ilipoandika rasimu yake iliweka Makamu wa Rais mmoja, na aliyeongoza tume alikijua cheo hicho kwa kukikalia. Bunge Maalum likaona ni ubahili. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ikaweka makamu watatu: mgombea mwenza, Rais wa Zanzibar na Waziri Mkuu. Katiba hiyo haijapigiwa kura ya maoni mpaka leo, na wa tatu bado anasubiri, kama inavyompasa.

Nakiri kwamba Machi 2021 ilinivurugia hoja. Rais Magufuli alifariki tarehe 17, na tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa, makamu wa kwanza wa Muungano kurithi kiti kwa njia hiyo. Wiki ile nchi nzima iligundua kwamba ibara ya Katiba inayompa makamu kiti hicho haikuwa pambo. Tangu hapo kila makamu, hadi wa kikundi cha kuweka na kukopa, hutembea kwa mwendo mwingine, na wenyeviti nao wameanza kuwaulizia makamu wao wanalala saa ngapi. Hilo si zuri. Sifa ya cheo hiki ilikuwa utulivu wake. John Adams, makamu wa kwanza wa Marekani, alimlalamikia mkewe kwa barua kwamba amepewa cheo kisicho na maana kuliko vyote vilivyowahi kubuniwa na binadamu. Baadaye akawa Rais, na kipindi kimoja tu kikatosha wapiga kura kumrudisha nyumbani.

Kwa hiyo sipendekezi makamu wetu waongezewe madaraka. Nina ombi moja dogo kwa wakurugenzi wa halmashauri zote 9, na halihitaji kupelekwa bungeni. Barua za mwaliko wa uzinduzi wa vyoo, visima, madarasa na mahafali ziandikwe moja kwa moja kwa Makamu Mwenyekiti, hotuba ichapwe kwa jina lake na “mimi” zake zote zikiwa mahali pake, na watoto wafundishwe wimbo wenye jina sahihi. Mwenyekiti apelekewe nakala kwa taarifa. Na jogoo waendelee na utaratibu wa sasa.