Muulize Shangazi Mjuzi: Bata Mzinga Kasamehewa, Tule Nini?

Shangazi, shikamoo. Naishi Columbus, Ohio. Alhamisi ya Shukrani mwanangu anamleta mchumba wake, na binti hagusi chochote kilichotoka kwa mnyama. Mume wangu anasema karamu isiyo na nyama ni matanga. Nifanyeje?
Mama Oveni Tupu

Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kuniandikia mimi na si yule mwenzangu wa gazeti jingine, ambaye angekwambia mkae mzungumze kifamilia. Familia yenye njaa haizungumzi, inagombana.

Tuanze na mumeo. Mwambie Shangazi kasema hayajui matanga. Matangani ndiko nyama inakotafunwa hasa. Wengine huanza kumkumbuka marehemu kwenye sahani ya pili. Mimi nimepika matanga Tanga mjini ambayo hadi leo watu huulizia yatarudiwa lini. Mpishi wa kukodi aliweka mwiko chini, akaniuliza nimesomea wapi. Sikumjibu. Kipaji hakina cheti.

Tulikuwa wapi? Ohio.

Akidai bata mzinga ni mila, mpe historia. Karamu ya Plymouth ya mwaka 1621 ilisimuliwa na Edward Winslow katika barua, na barua hiyo inataja ndege wa kuwindwa na kulungu watano walioletwa na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa huko. Bata mzinga hakutajwa kwa jina. Basi mumeo akitaka mila kamili, avae koti, aingie msituni, asirudi bila kulungu watano. Wewe utapata utulivu wa kupika.

Na sikukuu yenyewe ilipiganiwa na mwanamke wa magazeti! Sarah Josepha Hale, mhariri wa jarida la kina mama kule Philadelphia, aliwaandikia marais mmoja baada ya mwingine hadi Abraham Lincoln akaitangaza kwa taifa zima mwaka 1863. Niliposoma hayo nikasema, huyu ni mimi. Nami humwandikia diwani wetu kuhusu mtaro. Lincoln alikuwa na vita nchini mwake na bado alipata nafasi. Diwani ana nini?

Sasa dawa. Azima bata mzinga aliye hai, mvishe utepe, mketishe kichwani mwa meza, kisha simama utangaze kwamba amesamehewa. Rais George H. W. Bush alimsamehe wake Ikulu mwaka 1989 na waliomfuata wakaufanya utaratibu wa kila mwaka, kwa hiyo hakuna wa kukushangaa. Mumeo hatathubutu kuomba paja la mgeni rasmi aliyeketi ubavuni pake.

Mwenye nyumba akikataa ndege, pika boga. Si lile la rangi ya chungwa walilolitoboa macho mwishoni mwa Oktoba; hilo ni maji na nyuzinyuzi, kazi yake kutisha watoto. Tafuta kabocha, boga la kijani la Kijapani, ambalo ndani ni kavu na tamu. Kata kifuniko, toa mbegu, lipake mafuta na chumvi, lioke kwa nyuzi 190 za Selsiasi saa moja hivi, mpaka kisu kiingie bila ubishi. Huku nyuma piga pilau. Wanaodhani utamu wa pilau unatoka kwenye nyama hawajakanyaga jiko langu. Unatoka kwenye kitunguu: kikaange taratibu kiwe kahawia iliyokolea bila kuungua, ndipo uingize thomu, tangawizi, binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Badala ya supu, tia maji uliyolowekea uyoga mkavu. Tupia korosho na zabibu kavu, shindilia bogani, lipeleke mezani zima.

Maana kinachotakiwa pale ni kitu kikubwa cha kukatwa mbele za watu, baba akiwa ameshika kisu na wengine wamenyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya bata mzinga, na boga linaifanya bila kukaa kwenye friji siku tatu likiyeyuka barafu. (Jirani yangu hudai boga la pilau ni lake. Alikuwepo nilipolivumbua, ndiyo. Alikuwa ameshika taa.)

Soma maandishi ya kila pakiti. Mashimelo wanayomwaga juu ya viazi vitamu yana jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, kwa hiyo hata Waislamu yawapite mbali. Hivyo viazi vipikie futari: tui jepesi kwanza, zito mwishoni, moto mdogo lisije likakatika. Samli ifungie kabatini.

Pembeni weka makande. Mahindi, maharage na maboga, wenyeji wa asili wa huko walivipanda shamba moja: bua la hindi likawa nguzo ya maharage kutambaa, maharage yakarutubisha udongo, majani ya boga yakafunika ardhi isikauke. Vyote vitatu vilivuka bahari hadi kwetu, kwa hiyo makande ya Upareni yakifika Ohio yamekwenda kusalimia wakwe. Ila maharage mekundu yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kuyatia kwenye lile jiko la umeme la kupikia polepole. Yakipata joto hafifu tu, sumu yake haitoki, na mchumba akishinda chooni hakuna harusi. Nami kitenge nimeshakichagua.

Mhariri ananionyesha saa. Mumeo ale kuku Ijumaa. Msomaji wa Dallas, tofu ikamue maji, ikaange, ndipo uitie kwenye mchuzi wa nazi. Na wewe wa Toronto, ya kwenu ilikuwa Jumatatu ya pili ya Oktoba. Umechelewa, kula ulichonacho.